TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili ya zana za modeli" anawatapeli wanaounda majahazi na meli

Ndugu zangu mnaounda modeli za majahazi na meli, na hasa vijana mnaoanza, msitume pesa kabla ya kusoma haya. Kuna muuzaji anazunguka Facebook na WhatsApp akinadi "seti kamili ya zana za modeli", mashine ndogo ya kutoboa na kusaga, na maboksi yenye vipande vya kuundia modeli za meli. Leo anasema duka lake liko Nairobi, kesho Mombasa. Jina la ukurasa silitaji kwa sababu halikai. Likishalalamikiwa analizima, anaibuka na jingine na laini nyingine. Kisichobadilika ni picha zake, maneno ya tangazo lake na takataka anazotuma, na hizo ndizo nitakazozieleza ili umtambue kwa jina lolote atakalojipa.

Kijana mmoja ninayemfundisha kazi hii hapa Mombasa alimlipa shilingi 14,500, pesa za vibarua alizoziweka kidogo kidogo. Mzigo ulipofika kwa basi aliuleta kwangu umefungwa bado, tukaufungua pamoja. Kwa hivyo sisemi ya kusikia.

Nianze na mashine, kwa sababu hiyo inaweza kuua. Tangazo linasema "inatumia umeme wa Kenya". Kibandiko kilicho chini ya mashine yenyewe kimeandikwa 120V, 60Hz. Huo ni umeme wa Marekani. Wetu ni 240V, 50Hz. Plagi yake ina pini mbili bapa, na muuzaji ametia adapta ya pini tatu ili ionekane ni ya huku. Jamani, adapta ya aina hiyo inabadilisha umbo la plagi tu, volti haigusi! Mota iliyotengenezwa kwa volti 120 ikipewa 240 inachemka, waya wake wa ndani unaungua, na fundi mwenyewe kaishika mkononi, mbele yake kuna vumbi la mbao na gundi. Hatukuichomeka. Mnunuzi mwingine wa Kilifi, ambaye picha za boksi lake zinafanana na letu kwa kila kitu, aliichomeka na ikatoa moshi papo hapo. Kama unayo nyumbani, usiiwashe hata kwa kujaribu. Nimeitafuta pia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ambayo bidhaa zinazoingizwa nchini zinatakiwa kuwa nayo, sikuiona popote.

Zana za mkono nazo ni za kudanganyia macho. Biti ndogondogo za kutobolea, kuanzia milimita 0.3, zimeandikwa HSS, yaani chuma kigumu cha kasi. Kuna njia rahisi ya kujua ukweli: chukua tupa ya kawaida uipitishe kwenye shina la biti nene mojawapo, sehemu ya karibu na ncha. Chuma kigumu kweli hakikubali tupa, itateleza. Hizi zililiwa na tupa kama sabuni. Keekee ya mkono inayoshika biti hizo haikushika katikati, ukiizungusha ncha inachora duara hewani, na tundu la milimita moja linakuwa la mbili. Patasi niliinoa vizuri nikaijaribu kwenye kipande cha msaji, ukingo ukajikunja mara moja. Na randa ndogo, niliweka rula ya chuma chini yake nikaielekeza dirishani, mwanga ukapita katikati. Randa yenye tumbo namna hiyo hainyooshi ubao hata uwe fundi wa miaka mingapi.

Mbao alizoziita "mvule mkavu" si mvule. Tulilowesha pamba kwa spiriti tukasugua, rangi ya kahawia ikatoka yote. Tulipokata ncha, ndani ni mbao nyeupe laini, na baada ya kukaa mezani kwa muda vipande vilianza kujipinda kwa sababu vilikatwa vikiwa vibichi. Majaribio haya mawili, spiriti na kukata ncha, yafanye kwa mbao yoyote unayouziwa kwa bei ya mti wa thamani.

Sasa nije kwenye lililonikasirisha kuliko yote. Anauza boksi la "mtepe asilia wa Waswahili", lenye michoro na mbao zilizokatwa tayari. Ndani yake tulikuta pakiti ya misumari ya shaba na kitambaa cha tanga la pembetatu. Mtepe na misumari wapi na wapi? Mtepe ni chombo kilichoshonwa. Mbao zake zilitobolewa zikafungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne uliosukwa kwa majani. Hiyo ndiyo sifa iliyokitenga na jahazi, ambalo mbao zake hupigwa misumari na kutiwa kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa, na tanga lake la pembetatu huning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaovutwa juu ya mlingoti. Mchoro wenyewe ni wa jahazi la kawaida, tena uliochorwa na mtu asiyelijua, kwa sababu mataruma, yaani mbavu za chombo, hayafiki kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chini. Mitepe haiko tena baharini. Kijana anayetaka kuijua anaijua kwa michoro, picha na modeli, na huyu mtu anajaza hapo uongo kwa ajili ya shilingi elfu chache. Anayetaka kuona vyombo vyetu vilivyoundwa kwa uaminifu aende Makumbusho ya Lamu akaangalie modeli za pale, au afike Matondoni, kijiji cha kisiwa hicho hicho cha Lamu, ambako majahazi bado yanaundwa, awaombe mafundi ruhusa ya kuangalia na kupima. Utapata mengi kuliko yaliyo kwenye boksi lolote.

Meli za Ulaya anazouza zina ulaghai wa namna nyingine, ambao unaweza kuunasa kwa hesabu kabla ya kulipa. Tangazo lake la HMS Victory, ile meli ya admirali Mwingereza Nelson kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805, linasema skeli ni 1:72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko meli, na urefu sentimita 40. Meli yenyewe ipo Portsmouth, Uingereza, hadi leo, na sitaha yake ya mizinga ina urefu wa takriban mita 56.7. Gawanya kwa 72, unapata karibu sentimita 79 kwa sitaha peke yake, kabla hujahesabu mlingoti unaochomoza omoni, yaani mbele ya meli. Boksi la sentimita 40 haliwezi kuwa skeli hiyo. Picha ya meli iliyokamilika imechukuliwa kutoka kwa wajenzi wengine. Ukiikuza utaona pembeni alama ya maji iliyofutwa vibaya.

Wengi wananaswa kwa sababu wanaamini kazi haiwezi kuanza bila seti ya vipande hamsini. Si kweli. Kisu kikali chenye wembe wa kubadilisha, msumeno mdogo wa meno laini, keekee ya mkono na biti tatu nne nzuri, tupa ndogo, rula ya chuma, msasa wa 120, 240 na 400, gundi nyeupe ya mbao, na vibanio vya nguo vya kushikilia ubao gundi ikikauka. Kwa hizo unajenga mashua nzima. Ubao mwembamba wa ubavu unaloweshwa maji ya moto na kupindwa taratibu, hauhitaji mashine. Nunua kimoja kimoja kwenye duka la vifaa ambapo unaweza kukishika, kukizungusha na kukirudisha. Mashine ya umeme ije baadaye, ukijua unaitakia nini.

Kama lazima ununue kwa mtu wa mtandaoni, mwambie apige picha ya zana hiyo hiyo ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, na picha ya kibandiko cha volti. Huyu wetu akiulizwa hivyo anakuwa mkali, anasema wateja ni wengi, kisha anakupa "ofa inayoisha saa kumi jioni". Lipa baada ya kuukagua mzigo. Na M-Pesa inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, lisome. Kijana wangu aliambiwa ni kampuni, jina likaja la mtu binafsi, naye muuzaji akajibu kwamba ni "mhasibu wetu".

Uliyekwisha kumtumia pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 sasa hivi uombe zirudishwe. Akiwa hajazitoa kuna nafasi, akishazitoa ni vigumu. Namba yake iripoti kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, ukiwa na picha za mazungumzo na mzigo wenyewe, usiutupe. Sisi tumeshaandikisha yetu. Wa Mombasa na Kilifi wenye maboksi haya niandikieni faragha, tuende tukiwa pamoja.