Chombo cha saruji Tanga–Wete: kamba safi, nanga safi, turubai bovu

Wenzangu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Wete, Konde na Micheweni mmekuwa mkiniuliza kwa nini mzigo wangu siku hizi naupitisha kwenye kile chombo cha baharini cha mbao chenye mkanda wa kijani, na huku mwenyewe anatoza shilingi 300 zaidi kwa mfuko. Nawajibu nyote kwa pamoja. Jina la chombo silitaji, mwenyewe hapendi na wateja alionao wanamtosha. Anayekwenda Tanga wanakopakia majahazi atakiona tu.

Hiyo mia tatu inalipia kamba. Kwenye vyombo vingine nilivyotumia mzigo unapangwa, haufungwi. Makuli wanarusha mifuko mpaka ngama, yaani tumbo la chombo, inajaa, juu wanalaza mabati, juu ya mabati wanakaa abiria watatu wanne na mbuzi wao, basi, bismillahi, twende. Bahari ikiwa shwari huoni tofauti yoyote. Lakini Tanga kuja Wete unakatisha mkondo wa Pemba kuelekea mashariki, na msimu wa kusi, pepo za kusini, upepo na wimbi vinakupiga ubavu wa kulia karibu njia nzima. Chombo kinalala huku, kinainuka, kinalala kule. Mzigo uliolegea ukishahamia upande mmoja haurudi wenyewe, na chombo nacho hakisimami sawa tena. Sisi Wapemba, baada ya meli ya Spice Islander kuzama Septemba 2011 ikija kwetu, sidhani yupo mtu mzima anayehitaji kuelezwa zaidi. Nahodha huyu hapakii abiria juu ya shehena, hata awe shemeji yake. Mwenye mzigo anaruhusiwa mtu mmoja, jina linaandikwa, na jaketi la kuokolea unalivaa tangu kabla hamjang'oa nanga.

Nilikwenda mwenyewe safari ya mwisho kwa sababu mbali na mifuko 400 ya saruji, yaani tani 20, nilikuwa na nondo, mabati na jenereta la mteja wa Konde ambalo sikutaka lipate hata mkwaruzo.

Saruji ilitangulia chini, juu ya mbao zilizotandikwa ili maji ya ngama yasiiguse, ikapangwa kutoka katikati kwenda mbavuni kama fundi anavyopanga tofali, mfuko wa juu ukikalia maungio ya miwili ya chini. Haikuachwa nafasi ubavuni. Palipobaki mwanya serahangi, mkubwa wa mabaharia, alisokomeza magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi. Nondo zililazwa kwa urefu wa chombo na kufungwa mafungu mafungu. Nondo zikilazwa kukingama, wimbi la ubavuni linazisukuma kama mkuki kwenye mbao za chombo.

Kwa jenereta ndipo nilipoona kazi. Makuli walikuwa wameshaanza kupitisha kamba kwenye mpini wa kusukumia. Serahangi, mzee mfupi asiyesema sana, akawatoa. Akainama, akapapasa chini mpaka akapata fremu ya chuma inayobeba injini, akagonga kwa ufunguo asikie kama ni chuma kizima au bati. "Bibie, mpini huu wa kusukumia dukani. Baharini unang'oka." Chini ya miguu ya jenereta akaweka vipande vya tairi kuukuu, maana chuma juu ya mbao iliyolowa kinateleza kama sabuni. Kisha akatoa mikanda minne ya polista, ile ya malori yenye kibano cha kukazia kwa mkono, akaikagua mmoja mmoja chini ya jua. Mmoja ulikuwa umekatika uzi pembeni, akautupa kando na kuleta mwingine. Kila mkanda ulikuwa bado na lebo yake ya buluu inayosema unabeba kiasi gani. Mkanda usio na lebo, aliniambia, ni utambaa.

Akaivuta pembe nne, kila mmoja ukiwa umelala mshazari, si wima. Nilimuuliza kwa nini asiishushe wima tu, si ndiyo ingeminya zaidi? Akasema ya wima inazuia kitu kisiruke, na jenereta haliruki, linateleza. Penye ncha kali ya fremu akakunja kipande cha mpira ili mkanda usisagike. Tulipotoka kwenye ghuba na wimbi la kwanza la maana likatupiga, alirudi akakaza yote upya, na kila mkanda ulikuwa umelegea kidogo. Vyombo vingapi mmepanda mkaona mtu anarudi kukagua alichofunga?

Jenereta lilifika bila alama.

Sasa nanga. Tulipita mlango wa Fundo tukaingia ndani maji yakiwa yamekupwa, tena siku za bamvua, za maji makubwa, ambapo Pemba maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Gatini hapakuendeka. Nahodha akachagua mahali penye tope, mbali na matumbawe, akaelekeza omo, pua ya chombo, kwenye upepo, akasimamisha chombo kabisa ndipo nanga ikashuka. Kisha akarudi nyuma polepole huku amari, kamba ya nanga, ikitolewa kidogo kidogo, isirundikane juu ya nanga. Bildi, ile risasi ya kupimia kina, ilisoma pima 3, pima moja ikiwa pungufu kidogo ya mita mbili. Nilidhani atahesabu kamba kwa hizo tatu, kumbe alikuwa anaongeza mbili za maji kujaa usiku. Pima 5, mara tano, akatoa 25, na sehemu ya kwanza kutoka kwenye nanga ni mnyororo, ili uzito wake uivute nanga kwa kulala badala ya kuinyanyua kutoka kwenye tope. Halafu akaniagiza nitazame mnazi fulani na pembe ya paa la ghala: vikiendelea kuonekana kwenye mstari mmoja, tumeshika. Usiku taa nyeupe iliwaka, na baharia mmoja alikuwa macho.

Jirani yetu mmoja, sitamtaja, alitupa nanga akatoa kamba fupi, akaenda kulala. Maji yalipogeuka chombo chake kikaanza kuburura kuja kwetu taratibu. Serahangi na wenzake walikikinga kwa tairi wakipiga kelele mpaka wenyewe wakaamka. Mbao zetu hazikuguswa. Asubuhi maji yalipojaa tukaingia gatini, na kwa usiku huo wa kungoja sikutozwa kitu. Sharti lake ni hili: maji yakingojewa, gharama ni yake, ukichelewesha wewe lori la kupokea mzigo, unalipa kila siku. Naliona ni haki, ingawa wengine mtanung'unika.

Haya, na ubaya. Turubai lake lina matundu hata ya kupitisha kidole. Rasharasha zilitupata katikati ya mkondo na mifuko kumi na mbili ya tabaka la juu ikashika maji, ikawa mawe. Alinifutia nauli ya mifuko hiyo, bei ya saruji yenyewe hapana, na bima ya mzigo hana. Mtu makini hivi kwenye mikanda anawezaje kuridhika na turubai lile, sielewi. Risiti anaandika "saruji na vyombo vingine", yaani jenereta la mamilioni limo kwenye "vingine". Mwandikieni orodha yenu wenyewe, aisaini kabla ya kupakia, na mpige picha za mzigo ukiwa umeshafungwa. Pia usimpe mzigo wa haraka. Kusi likikaza, Juni na Julai hasa, anaweza kukaa Tanga siku kadhaa na simu yako asipokee, kwa vile anajua utamwambia nini.

Kwa saruji tupu ya bei ya kutupa, wakati bahari imetulia, tumieni yeyote mnayemwamini. Kwa mashine, vioo, vigae, matangi, mimi simpi mtu mwingine. Nondo za mwezi ujao nimeshamwagiza, na turubai nimenunua langu.