Brashi ya kitufe na chanuo la chuma: miezi sita na paka wangu

Paka wangu jike ana miaka 11 na manyoya marefu. Mwili umeshaanza kumkazika, kwa hiyo mgongo na mapaja hajilambi tena kama zamani. Nikanunua brashi ya waya nyembamba zilizopinda nchani, yenye kitufe mgongoni: ukikibonyeza, waya zinarudi ndani na manyoya yanabaki juu, unayaokota kama sufi. Sikatai, kitufe ndicho kilichoninunulisha.

Mwezi wa kwanza niliisifu kwa kila mtu. Kila jioni nilitoa donge kama ngumi, na yale anayoyatapika usiku kwenye zulia yakapungua.

Siku moja namkuna kwapani, nagusa kitu kigumu kama kokwa. Fundo. Kumpapasa vizuri, jingine nyuma ya sikio na mawili mapajani. Kumbe brashi ilikuwa inapita juu juu, inalaza manyoya ya nje huku ya ndani yakisokotana. Paka anang'aa, chini yake mkeka!

Mkono ulikwenda kwenye mkasi, nikaurudisha. Ngozi ya paka ni nyembamba na huinuka pamoja na fundo. Unaweza kudhani unakata manyoya kumbe unamkata yeye. Nikachukua chanuo la chuma la kawaida, upande mmoja meno mapana, wa pili meno ya karibu karibu. Fundo unalibana shinani kwa vidole ili ngozi isivutwe, halafu unachambua kuanzia nchani, ukisogea ndani kidogo kidogo. Wanga kidogo wa mahindi hulainisha kazi. Maji hapana, fundo likilowa linazidi kukaza. Matatu yalifumuka kwa siku nne. La kwapani lilinishinda, daktari wa mifugo akalinyoa kwa mashine.

Sasa naanza na chanuo. Likifika mpaka kwenye ngozi bila kukwama, ndipo brashi inafuata. Dakika tano zinatosha, na mkia ukianza kupigapiga naacha hapo hapo (michubuko mkononi ndiyo iliyonifundisha).

Kasoro za brashi: ukikandamiza, waya zinaacha tumbo jekundu, na mwezi wa nne springi ya kitufe ikaanza kulegea. Mkasi wa kucha uliokuja pamoja na brashi ni mkali wa kutosha. Nakata ncha nyeupe tu, ile sehemu ya waridi ina damu na mishipa ya fahamu. Kucha ni 18. Nne kwa mkao mmoja, zaidi ya hapo ni vita.

Ningeambiwa nibaki na kimoja, ningebaki na chanuo. Paka mwenyewe hakubali: chanuo akiliona anaingia chini ya kitanda, brashi anaifuata hadi mkononi mwangu na kuisugulia shavu.