Kununua sedani ya zamani: magari sita, nikianza na lile ningelinunua leo

Wengi wanaotafuta gari la zamani la kuhifadhi au la kufufua hukimbilia la milango miwili, na wauzaji wanalijua hilo. Gari lile lile, lenye injini ile ile, likiwa na milango minne, yaani sedani, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Chevrolet Bel Air za 1955 hadi 1957 zinaonyesha vizuri: ya milango miwili isiyo na nguzo katikati inagombewa, ya milango minne inasubiri mnunuzi. Mwenye mfuko wa kawaida aanzie hapo.

Nimeyapanga magari haya kwa kutazama bodi kwanza. Injini iliyochoka hufunguliwa, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Giaboksi hutolewa ikafungwa nyingine. Lakini kutu iliyokwishakula sakafu na vizingiti vya milango itakudai kukata na kuchomelea kwa miezi, na malipo ya fundi bodi yanaweza kupita bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo lililo juu kwenye orodha yangu ni gari linalokaguliwa kwa urahisi, lenye vipuri, na lililoundwa kwa wingi kiasi kwamba ukilikosa moja leo utapata jingine.

Gari langu la kwanza la kufufua nililinunua jioni, rangi ikimeremeta. Kesho yake nikapitisha sumaku chini ya mlango wa nyuma, ikateleza na kuanguka. Nilipokwangua nikakuta puti, ile lipu ya kusawazishia bodi ambayo sumaku haishiki, unene wa kidole, na nyuma ya puti gazeti lililokunjwa kuziba tundu. Tangu hapo siendi kutazama gari bila sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi, wala siendi jioni. Nenda mchana, gari likiwa kavu, maana maji huficha mikwaruzo na tofauti za rangi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo hakutaka ulisikie wakati injini ikiwa baridi.

Nafasi ya kwanza naipa Mercedes-Benz W123, iliyotoka mwaka 1976 na kuundwa kwa takribani miaka kumi. Ziliundwa karibu milioni 2.7 za maumbo yote, na kampuni yenyewe bado inauza vipuri vya magari yake ya zamani. Kama huna haraka barabarani chukua dizeli: 240D ya silinda nne au 300D ya silinda tano. Ukizima kwa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, usiogope. Dizeli hizi huzimwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye mirija myembamba, na mvuto huo huo ndio unaofunga milango. Mara nyingi ni mrija uliochanika au raba iliyokufa, kazi ndogo kabisa. Cha kukuondoa pale ni kutu. Piga magoti, mulika tochi sehemu zote nne za kupigia jeki, kisha inua kapeti la buti utazame pale tairi la akiba linapokaa. Ukiona chuma kimevimba na kuachana matabaka, shukuru uondoke, hata kama viti ni vya ngozi.

Inayofuata ni Volvo 240, na kwa mtu anayetaka gari la kuendesha kila wiki huku akilitengeneza taratibu, ningesema zinalingana. Iliundwa kuanzia 1974 hadi 1993, zaidi ya magari milioni 2.8. Nafasi kwenye boneti ni kubwa, mkono unafika kila mahali, na injini yake ya silinda nne, maarufu kwa kupakwa rangi nyekundu, ni mvumilivu sana. Angalia waya. Katika magari mengi ya nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, ganda la waya za injini lilikuwa la aina inayooza: ukilikunja kidogo kwa vidole linapasuka kama ganda la karanga. Seti nzima ya waya lazima ibadilishwe, na hilo liingie kwenye bei mnayopatana. Halafu usiziamini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Gia ndogo ya plastiki inayozihesabu huvunjika, namba zikaganda, na gari likaendelea kutembea miaka mingi bila kuhesabiwa.

Peugeot 504 ni ya tatu. Ilizinduliwa mwaka 1968, umbo likiwa la Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia, ikatajwa Gari la Mwaka Ulaya mwaka 1969. Springi zake ndefu laini zinafanya barabara mbovu iwe ya kawaida. Injini zake za petroli za silinda nne zina slivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazotoka, kwa hiyo ukiikuta imechoka unaweka slivu na pistoni mpya bila kuchonga bloku. Tatizo ni kwamba nyingi zilifanyishwa kazi hadi zikaisha. Iliyotunzwa ukiiona, usiiache ilale.

Datsun 510 ningeiweka juu zaidi kama bei isingepanda. Ni nyepesi, rahisi kufungua na kufunga, na sedani nyingi zina sasipenshoni ya nyuma inayojitegemea kila gurudumu, jambo lililokuwa adimu kwa gari la daraja lake. Ushindi wake katika mashindano ya Trans-Am ya Marekani, kundi la magari yenye injini isiyozidi lita 2.5, mwaka 1971 na 1972, umewafanya watu waibadilishe kwa kila namna: injini nyingine, madigadi yaliyotanuliwa, waya zilizoungwaungwa. Tafuta ambayo haijaguswa.

Ya tano, Alfa Romeo Giulia, iliyoanza 1962, ndiyo itakayokufurahisha kuliko zote hizi ukiwa nyuma ya usukani: injini ya alumini yenye kamshafti mbili na gia tano wakati wengine walikuwa na nne. Unapoijaribu, giaboksi ikiwa baridi, shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Ikikwaruza, ni ule ugonjwa wa gia ya pili unaojulikana kwa magari haya. Lakini kutu yake ni kali, na usiinunue kabla ya kuitazama ikiwa imeinuliwa juu.

Citroën DS naiweka mwisho, nami naipenda mno. Iliyoonyeshwa Paris mwaka 1955 iliwatangulia wenzake kwa miaka mingi: springi, breki na usukani vyote vinategemea mafuta yenye shinikizo. Magari ya mwanzo hutumia mafuta mekundu, ya baadaye ya kijani, na ukimimina yasiyo yake raba za mfumo mzima huharibika. Madigadi na milango hufunguliwa kwa spana, la nyuma linashikwa na bolti moja tu, kwa hiyo fremu iliyooza inaweza kuvalishwa nguo mpya kabisa. Mwombe muuzaji akuruhusu ulifungue digadi hilo la nyuma utazame ndani. Asiporuhusu, usinunue.

Kuhusu pa kutafutia, anzia kwa vyama vya wamiliki wa aina unayoitaka. Wao wanajua gari lipi limelala kwa nani na kwa nini liliegeshwa. Mnada uuache hadi jicho lako lizoee, kwa sababu pale hupati muda wa kulala chini ya gari. Na kabla ya kutoa hata malipo ya awali, soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe, herufi kwa herufi, ukilinganisha na kadi. Tarakimu moja ikitofautiana, mwenye gari akairekebishe kwanza kwa mamlaka husika, pesa zikiwa bado mfukoni mwako.