Picha 214, na Hakugeuza Hata Moja

Nilikuwa nimekusudia kuipa huduma hii ya kuthamini picha nyota mbili kati ya tano, kwa sababu kijana aliyetumwa na kampuni ya mnada alifika kwa wakati, alinisalimu kwa adabu, na ripoti yake iliyochapwa vizuri ilinifikia kabla ya wiki kwisha. Lakini kila ninapoifungua ripoti hiyo jambo moja hunirudia: katika picha 214 alizopiga marehemu mjomba wangu, mthamini yule hakugeuza hata moja akatazama nyuma yake.

Mjomba alikuwa mpiga picha wa magazeti hapa Dar es Salaam, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufuata ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Picha alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza alichokijenga uani, na kila iliyotoka humo aliipiga mhuri nyuma, akaandika kwa penseli mahali, mwezi, na mara nyingi majina ya watu waliomo. Baada ya kifo chake mvua iliingia stoo ikaharibu filamu nyingi, hivyo picha kadhaa zimebaki na nakala moja tu duniani, ile iliyomo kwenye boksi langu. Nilitarajia niulizwe kuhusu filamu kabla ya kitu kingine chochote, maana mwenye filamu anaweza kusafisha nakala nyingine kesho, na asiye nayo hawezi. Sikuulizwa.

Tulizipanga picha juu ya meza ya chakula. Alizitazama kwa sekunde chache kila moja, akazipiga kwa simu, akaandika namba. Nilipomwambia, "Mwanangu, geuza, maelezo yote yako nyuma," alinijibu bila kuinua macho, "Mama, mteja ananunua picha, hanunui maandishi. Akishaitundika ukutani, nyuma ataona nini?" Nikanyamaza kwa kuwa alikuwa mgeni nyumbani kwangu, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Kuna picha moja ya wafanyakazi kwenye mdomo wa handaki, upande wa milima kati ya Mlimba na Makambako, ambayo ninayo mara mbili. Ya kwanza ni ya wakati ule ule: karatasi nzito isiyo na plastiki, kona zimevunjika, na kwenye ukingo kuna alama za penseli nyekundu ambazo mhariri alizichora kuonyesha sehemu itakayokatwa kabla ya kuchapishwa gazetini. Ya pili mjomba aliisafisha uzeeni, katika miaka ya 1990, kwa karatasi ya plastiki, ili ampe ndugu yetu zawadi. Tarehe zote mbili ziko nyuma, kwa mwandiko wake. Mthamini aliziandikia bei moja, shilingi elfu hamsini kila moja, na pembeni akaongeza kwamba ya pili "iko katika hali bora zaidi" na kwamba ya kwanza ingefaa ikatwe ukingo ili alama nyekundu ziondoke. Ukingo huo ndio ushahidi kwamba karatasi ile ilikuwapo kwenye meza ya gazeti wakati reli ikijengwa, na mtu aliyelipwa kuithamini anashauri ukatwe!

Sisemi kwamba mjomba wangu ni Dorothea Lange, yule mpiga picha mashuhuri wa Marekani. Ila picha ya Lange ya mwaka 1936, ya mama mhamaji na watoto wake huko California, mtu yeyote anaweza kuipata kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako filamu yake imehifadhiwa. Hata hivyo nakala moja yenye mwandiko na sahihi ya Lange iliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola 244,500. Sura ni ile ile. Kilicholipiwa ni karatasi ile, mkono ulioiandika, na wakati ilipotengenezwa. Wala sitaki mthamini aamini kila mhuri anaouona, kwa sababu mihuri hughushiwa. Lewis Hine, aliyepiga picha za watoto wakifanya kazi viwandani Marekani, alifariki mwaka 1940, na mwishoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kwamba picha kadhaa zilizouzwa kuwa ni za enzi zake zilisafishwa kwenye karatasi iliyotengenezwa miaka mingi baada ya kifo chake. Karatasi hiyo iling'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV) kwa sababu ya kemikali za kuongeza weupe ambazo viwanda vilianza kuzitia baada ya yeye kufa. Kwa hiyo mthamini hugeuza, hupapasa, humulika, halafu hutilia shaka. Huyu wangu hakufika hata kwenye kutilia shaka.

Nikitulia nakiri kwamba kwa baadhi ya picha, hasa zile za sherehe za ofisini, elfu hamsini huenda si bei ya dhuluma. Nakiri pia kwamba picha za waandishi wetu bado hazina soko kubwa hapa nyumbani, na mthamini hawezi kuliumba. Lakini niliwaeleza tangu mwanzo kwamba nataka makadirio mawili, moja la mirathi kwa ajili ya ndugu zangu, na jingine la mnada, lenye kiwango cha chini na cha juu pamoja na bei ambayo chini yake picha haiuzwi. Nimeletewa tarakimu moja, ikazidishwa mara 214. Hesabu hiyo ningeifanya mwenyewe kwa simu yangu. Tena ndugu zangu wawili wameiona jumla hiyo na sasa wananiuliza kwa nini tusiuze boksi zima kwa mpigo, na tumefikia hatua ya kutosalimiana vizuri kwa sababu ya ripoti ya mtu asiyegeuza karatasi. Nyota mbili nazifuta. Hata moja siitoi.

Wiki chache zilizopita mimi na mjukuu wangu tulikaa sebuleni tukazigeuza zote, moja baada ya nyingine, tukinakili kila neno kwenye daftari. Nyuma ya ile ya handaki, ya kwanza, kuna majina manne, mawili ya Watanzania na mawili ya Wachina, yameandikwa kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia. Nimeiandikia kampuni nikidai ada yangu, na nimeambatisha picha ya mgongo huo. Wamenijibu kwamba ada hairudishwi kwa kuwa kazi ilifanyika. Haikufanyika, na nitaendelea kudai.