Mashine ya lishe Mwanga, Kigoma: miezi mitano ya kumsagia mwanangu

Nawaandikia wazazi wa Kigoma wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, hasa mnaonunua unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa. Kwa miezi mitano sasa unga wa mwanangu unatoka kwenye mashine ndogo ya kusaga nyuma ya soko la Mwanga, ya mama mmoja mtu mzima ambaye wateja wote tunamwita Bibi. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kilichonihamisha nilikokuwa nanunua ni hiki. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili nilipochukua unga wa lishe duka jingine, mfuko mweupe usio na maandishi. Siku ya kwanza alikunywa uji vijiko vitatu, akatoka vipele vyekundu kuzunguka mdomo. Shangazi yake akasema ni meno, udenda unamchoma. Nikakubali, maana kweli alikuwa anaota magego. Siku ya tatu nikampa kikombe kizima. Hazikupita dakika kumi akaanza kujikuna masikio, mabaka yaliyovimba yakamtoka tumboni kama mtu aliyeguswa na upupu, mdomo wa juu ukatuna, akatapika uji wote kwenye kanga yangu. Tulipanda bajaji na baba yake, njia nzima macho yangu yako kifuani pake naangalia anavyopumua. Alipumua vizuri, namshukuru Mungu.

Daktari aliuliza: "Mama, kala nini, na ilichukua muda gani?" Muda niliujua. Alichokula sikukijua. Nilimpigia simu muuzaji, akajibu, "Ni lishe ya kawaida tu, dada." Kesho yake nikaenda mwenyewe dukani, nikasimama pale mpaka akaanza kutaja: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, na dagaa wa kusaga. Vitu saba.

Nikarudi na ile orodha, daktari akaanza kupunguza kimoja kimoja. Mahindi, ulezi na mchele mtoto alishakula bila shida. Dagaa ndiyo kabisa, huyu ni mtoto wa Kigoma, anakula tangu ana miezi saba. Ngano ameila kwenye mkate na chapati. Vikabaki soya na karanga, na karanga ndizo alizozitilia shaka zaidi. Akasema vyote viwili vikae pembeni mpaka atakapoamua yeye. Akanikataza kumwonjesha tena nyumbani ili "kuhakikisha", maana mara ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Mzio (aleji) wa namna hii hujitokeza ndani ya dakika chache hadi kama saa mbili. Mtoto akianza kukohoa mfululizo, sauti ikakauka, akapumua kwa shida au akalegea, ni kukimbia hospitali dakika hiyo hiyo, kwa sababu anahitaji sindano ya adrenalini. Kumnywesha maziwa hakusaidii, na dawa ya mafua haitoshi.

Tumbo kukataa chakula ni jambo jingine. Mtoto wa jirani yangu alitoka kwenye kuhara, kila akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo linajaa gesi, anaharisha maji. Hana kipele hata kimoja. Waliambiwa utumbo uliochubuka na kuhara hushindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa, ukipona hali hurudi. Mama yake alikuwa ameshakimbilia maziwa ya mbuzi, lakini nayo yana sukari ile ile. Hata kwa mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi si kimbilio, yanafanana mno.

Sasa mashine yenyewe. Bibi hauzi unga uliochanganywa. Ana ndoo zenye vifuniko, kila ndoo nafaka yake: mahindi yaliyokobolewa, ulezi uliooshwa na kuanikwa, mchele, mtama. Karanga na soya ziko upande wa pili wa chumba, na pawa lake halivuki kuja huku. Nilipomweleza habari za mwanangu hakusema ni meno wala joto. Aliuliza, "Kilimtoka baada ya kula, au alipolala?" Halafu akaniambia nisubiri, mashine imetoka kusaga soya.

Nilikaa kwenye benchi nikimtazama. Alizima, akafungua, akasugua ndani kwa brashi ya ukindu, akakung'uta chekeche nje mlangoni mpaka vumbi likaisha. Kisha akamimina bakuli mbili za mahindi yake mwenyewe, akasaga, unga ule akautia kwenye gunia la kuku. Ndipo akapima mahindi yangu kilo mbili. Kila nafaka aliisaga peke yake, akaitia mfuko wake, akaandika juu kwa kalamu nene: ULEZI, MCHELE, MAHINDI, na tarehe. Kuchanganya nachanganya nyumbani kwangu. Kitu kipya kikiingia kinaingia peke yake, asubuhi, siku tatu mfululizo, naandika kwenye daftari saa na kiasi. Mtama tuliuanza hivyo, ukapita salama.

Jingine lililonivutia ni ungo. Karanga za wateja wengine anazichambua moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa anaitupa. Hiyo ni habari ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haihusiani na mzio, lakini tukikumbuka vifo vilivyotokana na sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016, mtu anayechambua hivyo bila kuambiwa ana thamani.

Kuna rafiki zangu waliosikia mkasa huu wakasema basi karanga hazitaingia kwao. Jamani, hapana. Utafiti uliotoka London mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga wenye hatari ya mzio walioanzishiwa karanga mapema walifika miaka 5 wakiwa na mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Mtoto wako kama hana ukurutu mkali wala hajawahi kudhurika na chakula, mpe akishaanza kula, zikiwa zimesagwa laini ndani ya uji. Punje nzima ndizo za kungoja mpaka afike miaka mitano, kwa sababu ya kukabwa. Na ukitoa kitu, weka kingine: mwanangu anakula maharage yaliyopondwa, dagaa na yai, na uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda.

Nyota moja niliyoipunguza: mashine ni moja. Pamoja na usafi wote ule, chembe ya karanga inaweza kubaki, na Bibi mwenyewe ananiambia hivyo waziwazi. Mtoto aliyewahi kushindwa kupumua nisingempeleka pale, ningetwanga nyumbani kwenye kinu ambacho hakijaguswa na karanga. Pia umeme ukikatika unaweza kukaa hadi jioni, na Jumamosi foleni ni ndefu, huna raha ya kumwomba mtu asugue mashine watu kumi wakiwa nyuma yako. Bei ni juu kidogo kwa sababu unalipia kusaga mara tatu badala ya mara moja. Mimi nalipa bila kinyongo.

Nenda siku ya kazi, ufike kabla ya saa mbili asubuhi, beba mifuko yako misafi. Ukikuta karanga zimeshaingia kwenye mashine, mwambie tu hali ya mtoto. Atakuandika wa kwanza kesho yake.