Vitabu vitatu vya dinosaria, miezi mitano ya kuvisoma kila usiku

Kijana wangu ana miaka minne, na tangu aone dinosaria kwenye televisheni hataki hadithi nyingine. Dada yake yuko darasa la kwanza, ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Nikaenda Posta, Dar es Salaam, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, nikarudi na vitatu. Vyote vya Kiingereza.

Cha kwanza kina kurasa ngumu, zile nene zisizochanika. Kimekaliwa, kimemwagikiwa uji, kimefutwa, na bado kizima. Kila ukurasa una mnyama mmoja na sentensi moja, kwa hiyo nageuza Kiswahili papo hapo na muda wa kunguruma unabaki. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne ningekinunua tena. Kinachonikera ni picha ya mwisho: Stegosaurus anapigana na Tyrannosaurus. Stegosaurus aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, mwenzake milioni 68 hadi 66. Yaani huyo Tyrannosaurus yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na Stegosaurus. Mwanangu hajali, anataka vita tu.

Cha pili ni cha vidirisha vya kufunua. Muuzaji aliniapia kuwa kizima, nami nikalipa bila kukifungua. Nyumbani nikakuta vidirisha vinne vimeshanyofolewa. Vilivyobaki vimeshikwa na selotepu. Halafu kinawaita dinosaria hata wale watambaazi warukao, ambao ni ukoo mwingine. Sikipendekezi.

Cha tatu nilikinunua kwa ajili ya dada mtu. Herufi kubwa, sentensi fupi, picha safi. Lakini akifika kwenye majina anakwama. Amefundishwa kwamba herufi husomwa kama ilivyo, sasa akiona Tyrannosaurus anauliza mbona hii y inatamkwa i, na hizo n mbili za nini. Sikuwa na jibu. Akawa anayaruka majina, na kitabu cha dinosaria ukiruka majina kinabaki nini?

Usiku mmoja nikachukua kalamu nikamwandikia: SHINGOPANA. Akasoma kwa kidole, shi-ngo-pa-na, akanyamaza, kisha akapiga kelele, "Shingo pana! Mama, ana shingo pana?" Ndiyo, mwanangu. Hilo ni jina halisi la kisayansi, lilitolewa mwaka 2017 kwa dinosaria aliyepatikana kwetu, kule Songwe. Nikamwandikia na la pili, la mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Mnyama wa Mtuka, kwa jina la mto wa huko huko bonde la Rukwa, na moyo wa mkia kwa sababu mfupa wa mkia wake una umbo kama la moyo. Refu kuliko Tyrannosaurus, na alilimaliza lote bila kusaidiwa. Kesho yake mdogo wake akalitaja dukani, muuza duka akadhani anatukanwa.

Hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivi kilicho na majina hayo. Hata mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa kilima cha Tendaguru, Lindi, hayumo! Bibi yao ni mtu wa Lindi, alikuja kututembelea, akapekua vyote vitatu na kuuliza mjusi wetu yuko wapi. Ikabidi yeye ndiye asimulie: Wajerumani walivyochimba kati ya 1909 na 1913, wapagazi walivyobeba mifupa kwa miguu kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi, na jinsi mjusi huyo anavyosimama leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watoto walisikiliza kuliko ninavyosikilizwa mimi. Mdogo akataka kujua kama wapagazi walikula njiani.

Basi nimekata karatasi za manila, nikaandika habari za hao watatu kwa herufi kubwa, nikazibandika kwa gundi mwishoni mwa kitabu cha tatu. Sasa tunaanzia huko huko mwisho. Picha amechora huyu wa miaka minne: mkia mrefu na moyo mwekundu kwenye ncha, na mioyo mingine mitano ukutani karibu na swichi. Kama kuna anayeuza kitabu cha watoto chenye wanyama hawa kwa Kiswahili, aniambie. Nitachukua nakala mbili, moja iende Lindi.