Uzoefu wangu na wakala wa pesa za simu wa Walukuba, na watu wa njiani

Huu ni mwaka wa sita natumia kibanda kimoja cha pesa za simu hapa Walukuba, Jinja, na sijawahi kuandika neno juu yake. Naandika sasa kwa sababu jirani aliyehamia mtaani juzijuzi aliniuliza pesa aweke wapi, na jibu langu likawa refu kuliko alivyotarajia.

Kibanda ni cha mbao, kimepakwa rangi ya njano, kiko pembeni mwa njia ninayopita nikienda sokoni. Ndani mna kiti, simu mbili, daftari la mistari na kalamu iliyofungwa uzi isipotee. Unataja kiasi, unataja namba, ukiwa unatoa unaonyesha kitambulisho, unatia sahihi. Huduma hii ipo Uganda tangu 2009 na mawakala wako kila kona, kwa hiyo kwenye gharama hutaona tofauti. Ada ni ile ile, na kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa, iliyoanza 2018, itakukuta popote. Kwenye shilingi 100,000 hiyo ni 500, mbali na ada yenyewe. Mimi naangalia nani amekaa ndani.

Hapa amekaa binti mmoja ambaye nilipoanza kwenda kwake alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Ananiita Mama, mimi namwita mwanangu. Hagusi simu kabla ya salamu. Atauliza habari za nyumbani, atauliza cherehani imekubali au bado inakata uzi, ndipo aseme, "Haya Mama, tufanye ngapi?"

Mwaka jana nilikuwa namtumia mama mkubwa wa Busia shilingi 150,000 za dawa ya mguu. Namba nilikuwa nayo kwenye kikaratasi alichoandika mwanangu wa kumzaa. Binti akaniwekea pesa kwenye simu yangu, nami nikakaa pale pale kwenye benchi niitume. Macho yangu ya karibu yamechoka na miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, basi jina lilipotokea nikamwomba anisomee. Akalisoma, akanyamaza kidogo.

"Mama, hili jina ni la mwanamume. Wewe si unamtumiaga nyanya wa Busia?"

Tukafungua daftari. Akarudi nyuma kurasa nyingi hadi mahali nilipowahi kuandikisha namba ile. Mwisho wake ni 76, kikaratasi kinasema 67. Sikuwa nimebonyeza namba ya siri bado. Nikafuta, tukaanza upya, pesa ikafika Busia, mama mkubwa akapiga simu kushukuru kabla sijainuka kwenye benchi.

Nina sababu ya kulishikilia tukio hilo. Kabla ya hapo niliwahi kuweka 80,000 kwa wakala mwingine kule mjini, mahali ambapo hatujuani. Alikuwa na haraka, hakunirudishia namba niisikie, akakosea tarakimu moja. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaambiwa aliyepokea ameshaitoa. Pesa ile ilikuwa ya vitambaa vya sare za wanafunzi, na muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Niliumia sana.

Nikitoka kibandani naendelea na shughuli, na siwezi kueleza huduma ya yule binti bila kueleza njia nzima, maana ni kitu kimoja. Anayefuata ni kijana wa rolex, ile chapati yetu ya kukunjwa na mayai. Akiniona nikivuka barabara anavunja mayai mawili kwenye kikombe, anaweka kabichi na nyanya, kitunguu anakiacha kwa sababu anajua kinaniletea kiungulia. Halafu mama wa mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, anayepima kwa kopo. Kopo likijaa anachota kwa mkono na kuongeza juu, na kama leo ananiona uso umelegea anaongeza mara mbili. "Kastoma wangu," ananiambia, nami namjibu, "Kastoma wangu." Kwetu muuzaji na mnunuzi wanaitana jina hilo hilo. Nalipenda sana neno hili.

Kwenye steji ya boda wananisalimu "Jebale ko" hata siku ambayo sipandi. Mmoja wao sitamsahau. Mwaka 2020, boda zilipokatazwa kubeba abiria zikaruhusiwa mizigo tu, na wauzaji wakaambiwa walale sokoni, yeye ndiye aliyekuwa akiniletea unga na sabuni mlangoni. Alikuwa anaacha mfuko, anarudi nyuma hatua kadhaa, tunasalimiana kwa mbali.

Mtaa huu ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, na watu walikuja kutoka kaskazini, kutoka Kenya, kutoka kila upande. Ndiyo maana Kiswahili hapa ni lugha ya bombani. Wasoga, Waluo, Walugbara, wote tunaelewana kwenye foleni moja.

Sasa kasoro, kwa haki. Foleni ya yule binti inakwenda polepole kwa sababu kila mtu anaulizwa habari zake. Ijumaa jioni pesa taslimu humwishia, kwa hiyo kama unatoa pesa nyingi nenda kabla ya saa nne asubuhi. Na wapo watakaosema hawapendi mtu kukumbuka wanamtumia nani. Nawaelewa. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba nikiingiza namba ya siri anageuza uso barabarani, kila mara, na katika miaka yote hii sijasikia neno la mteja mmoja likitoka mdomoni mwake kwenda kwa mwingine. Angekuwa msemaji, nisingempendekeza kwa yeyote.

Alipojifungua, kaka yake mdogo alikaa kibandani miezi miwili. Kijana mwaminifu, hesabu zake safi, ila nilikuwa naingia na kutoka kama niko mjini. Wiki binti aliporudi nilimkuta ameinama kuandika, mtoto amelala mgongoni. Akainua kichwa.

"Mama! Mguu wa nyanya wa Busia umepona?"

Nikamwambia anatembea, ila dawa bado anahitaji. Akanisaidia kuandika namba, 76 mwisho, kisha akanigeuzia simu nisome jina mwenyewe. Safari hii miwani nilikuwa nayo.